Golf tano ivae sura ya Golf ya kwanza: fundi anataka kukata boneti, nimwachie?

Kijana_wa_Arua

Wakubwa, habari za huko mliko. Nina Volkswagen Golf tano (yaani toleo la tano) ya 2006, ilitoka Japani, silva, otomatiki, injini ya 1.6. Inatembea vizuri, haina kelele, haijanilaza barabarani. Tatizo langu ni kuitazama. Ukiiegesha Wandegeya, hapa Kampala, inapotea kabisa katikati ya magari mengine ya silva.

Ninachokitaka ni sura ya Golf ya kwanza, ile iliyotoka 1974: taa mbili za duara, shoo (ule uso wenye mbavu) nyeusi iliyonyooka kutoka taa hadi taa, bampa jembamba, tairi ndogo. Marehemu mjomba alikuwa nayo ya manjano, na mpaka leo ukitaja jina lake kwetu Arua wazee wanakuuliza, "yule wa Golf?" Kununua yenyewe nimeshalifikiria. Niliyoiona sakafu yake imeoza mpaka unaona lami, na mwenyewe bado anaringa. Kuagiza ya nje ndiyo hivyo tena, sheria ya Uganda ya 2018 imefunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15.

Basi nikaenda Katwe, kwenye magereji. Fundi mmoja akanitajia milioni nne na nusu hapohapo tukiwa tumesimama: anakata boneti na madigadi (mabati ya juu ya tairi za mbele), anachomelea bati, anaweka taa za Land Rover, anajaza fila (ule udongo wa kuzibia bodi), anapuliza rangi ya manjano. Mwingine, wa Ndeeba, alicheka akasema nimpe picha tu, atalivalisha lote faiba (nyuzi za kioo na gundi yake) mpaka milango, bei tutaelewana mbele ya safari. Huyo ndiye aliyenitisha zaidi.

Kuna aliyewahi kufanya kitu cha namna hii? Nimwachie huyo wa kwanza akate, au kuna njia nyingine ya kupata uso ule bila kuliua gari? Mke wangu naye ana swali lake, anataka kujua kwa nini, lakini hilo nitalijibu mwenyewe.

Mzee_wa_Bodi

Kijana, usimpe mtu funguo kwanza. Katwe nimefanya kazi tangu enzi za Peugeot 504 na mafundi wazuri wapo, siwaharibii jina. Ila anayekupa bei kabla ya kufungua boneti hajajua kazi iko wapi.

Anza na vipimo. Golf ya kwanza ina urefu wa mita 3.7 na upana wa mita 1.61. Yako ni mita 4.2 kwa 1.76. Nusu mita kwa urefu, sentimita 15 kwa upana, na paa limepanda vilevile. Hakuna bati wala kioo cha ile kitakachokaa kwenye hii. Ukilivalisha lote faiba, atakavyo huyo wa Ndeeba, utapata Golf ya kwanza iliyovimba, na milango ya kufunga kwa goti.

Sasa simama mbele ya gari lako utazame taa. Kwenye ile ya zamani taa imekaa ndani ya shoo, haigusi digadi, haigusi boneti. Giugiaro, Mwitaliano aliyeichora, aliufanya uso wote kuwa mstatili mmoja mweusi wenye duara mbili, basi. Kwenye yako taa imelala mshazari, imepanda mpaka kwenye digadi, na ukingo wa boneti umekatwa kuifuata. Ukiing'oa unabakiwa na pengo la pembetatu kwenye kila digadi. Hapo ndipo fila ya fundi wako inapokwenda. Fila ni ya kulainisha bati, si ya kujengea. Ukiipaka nene, kwa mashimo tuliyonayo itapasuka, maji yatapenya, na kutu itaanza kazi chini ya rangi yako mpya bila wewe kujua.

Ningepewa mimi ningeenda hivi. Nunua madigadi mawili na boneti ya pili soko la vipuri la Kisekka, za Golf tano, hata zikiwa na mikwaruzo. Hizo ndizo za kukatwa. Za kwako zifungue, zifunge kwa blanketi, ziweke nyumbani. Siku ukichoka na mchezo, au ukitaka kuuza, unarudisha gari lilivyokuwa kwa spana tu.

Kabla hujakata hata hizo za pili, tafuta boksi la friji. Kata uso mzima kwa boksi, upake rangi nyeusi, bandika sahani mbili za duara mahali pa taa, ushikize kwa gundi ya karatasi. Rudi nyuma hatua kumi na tano, piga picha. Halafu sogeza taa ndani kidogo, upige tena. Utashangaa: taa zikikaa pembeni kabisa gari linaonekana pana na limeduwaa, ukizisogeza ndani linakuwa Golf. Usiharakishe hapa, maana kosa la boksi linagharimu boksi.

Jambo la pili ni mwinamo. Uso wa ile umesimama wima, wa kwako umelala kwenda nyuma. Ili usimame itabidi juu uje mbele sentimita kadhaa, na hapo ndipo mafundi wengi hugundua rangi ikiwa imeshakauka kwamba boneti haifunguki, inagonga. Fungua boneti na ufunge ukiwa bado kwenye boksi.

Uso wenyewe utengenezwe kwa faiba, kipande kimoja kutoka digadi hadi digadi, cheusi, kinachofungwa kwa bolti na si kwa gundi. Kalibu (umbo la kufinyangia) ya mbao na povu, nta, halafu mati (kitambaa cha faiba) ya gramu 450, tabaka tatu. Msimamie anayechanganya resini. Hadina, dawa ya kuikausha, ni asilimia moja hadi mbili, na jua likiwa kali unaelekea kwenye moja. Fundi mwenye haraka anamimina kwa jicho ili ikauke kabla ya chai. Itakauka kweli, na itapasuka kweli. Lile pengo la pembetatu kwenye digadi lizibwe kwa bati jembamba, lichomelewe nukta nukta, upande huu kisha upande ule, lisijikunje kwa joto.

Bampa. Najua unataka jembamba la kung'aa. Nyuma ya plastiki ya bampa lako kuna boriti ya chuma na sehemu zilizotengenezwa zikunjike ukigonga, ili wewe usikunjike. Mtu akikwambia anazitoa aweke bomba la kromu, ondoka na gari lako. Plastiki iache palepale, sehemu ya chini ipakwe nyeusi isiyong'aa, na juu yake upite ukanda mmoja wa silva. Jicho litaona bampa jembamba lenyewe.

Hewa. Shoo ya juu ikizibwa na faiba isiyo na matundu, rejeta inabaki na mdomo wa chini tu. Acha nafasi kati ya mbavu za shoo, na nyuma yake weka plastiki ya kuelekeza hewa isipotelee pembeni. Ukimaliza, washa kiyoyozi ukakae kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni. Mshale wa joto ukibaki mahali pake, uko salama. Ukipanda, rudi ukatoboe.

Nyuma usiguse kitu. Nguzo ile nene kati ya mlango wa nyuma na kioo cha buti ndiyo iliyobaki kwenye kila Golf tangu ya kwanza, unayo tayari bure.

Tairi ndiyo nusu ya kazi, na vijana hawalijui hilo. Rimu za Golf ya kwanza zina bolti nne, duara la milimita 100. Zako ni tano, milimita 112. Haziingii, na usikubali mtu akutobolee rimu. Tafuta rimu za chuma za inchi 15 za Golf tano yenyewe, zile ambazo watu huzitupa wakipata za aloi, uzipake silva, katikati uweke kapu dogo la kung'aa, tairi 195/65. Golf yenye uso wa 1974 na rimu za inchi 18 ni sawa na mzee aliyevaa suruali ya mjukuu wake.

Dada_Skana

Mzee kamaliza bodi, mimi niongeze umeme, kwa sababu nazipokea nyingi zikiwa zimeshachezewa.

Kuhusu taa za Land Rover, fundi wako hakukosea. Golf ya kwanza inatumia taa ya duara ya inchi saba, na Land Rover Defender ni kipimo hichohicho, kwa hiyo hazitakusumbua kuzipata. Tatizo ni mwanga unamulika wapi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini unatakiwa upande kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa iliyotengenezwa kwa Ujerumani au Ufaransa inapandisha kulia, yaani moja kwa moja machoni kwa anayekuja. Simama mbele ya taa usome kioo chake. Zile zenye herufi E ndani ya duara zina alama: mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni taa ya nchi zinazoendesha kushoto, nunua. Haina mshale kabisa, mrudishie mwenye duka hata akikupunguzia bei.

Taa yako ya sasa ina balbu mbili, moja ya mwanga wa chini na moja ya juu. Ile ya duara ina H4 moja inayofanya kazi zote mbili, kwa hiyo waya zinaunganishwa upya. Asikate soketi za gari. Atengeneze kipande cha waya cha katikati, upande mmoja kinaingia kwenye soketi ya Golf, upande wa pili kwenye H4. Kompyuta ya Golf tano inapima umeme unaopita kwenye kila balbu. Ukiweka LED za bei rahisi zinazokula umeme kidogo, dashibodi itakuwashia alama ya balbu iliyoungua kila siku, na baadhi zitamemeta. Weka H4 ya halojeni ya kawaida, wati 60/55. Kikibaki chochote, Vagcom (programu ya kupimia kompyuta za Volkswagen) inakirekebisha ndani ya dakika chache.

Kuna kitu Mzee amekiruka. Indiketa zako ziko ndani ya taa unazozing'oa. Golf ya kwanza ilikuwa nazo kwenye bampa, mstatili wa rangi ya chungwa kila upande, na hapo ndipo unapoweza kuzirudisha. Taa ndogo za maegesho pia usizisahau, trafiki hawazisahau.

Kile kigurudumu cha kushusha na kupandisha taa karibu na swichi kitakuwa hakina kazi tena. Elekeza kwa mkono: sehemu tambarare, ukuta mita kumi mbele, na ukingo wa mwanga wa chini uwe umeshuka sentimita kumi kutoka usawa wa katikati ya taa. Fanya hivyo watu wawili wakiwa wamekaa nyuma, maana nakujua, hiyo gari itabeba watu.

Mtu_wa_Busia

Mimi sioni sababu ya yote haya, niseme ukweli. Viwanda vyenyewe vimeshaifanya hii kazi. Fiat 500 ya 1957 ilirudi 2007, Renault 5 ya 1972 ikarudi 2024 ya umeme, na wao walianza na karatasi tupu, hawakuanza na gari lililokwisha kuwa na umbo lake. Hata wale Caselani wa Italia, wanaouza vipande vya faiba vya kugeuza Citroën za leo kuwa za zamani, wanachagua gari za mizigo zenye uso na mbavu zilizonyooka, na wana kalibu walizozitengeneza kwa miaka. Wewe una boksi la friji.

Lakini kwa kuwa najua hutasikia, angalia Afrika Kusini na si Ulaya. Kule Uitenhage waliendelea kuitengeneza Golf ya kwanza kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 mpaka 2009, miaka zaidi ya ishirini baada ya Wajerumani kuhamia ya pili. Kwa hiyo shoo, taa, nembo, hata vijiukanda vya pembeni vinapatikana, na vingi vipya. Na wao wanaendesha kushoto, kwa hiyo habari ya mshale wa Dada hapo juu inaisha yenyewe. Ukimjua mtu anayekuja na basi au trela kutoka huko, shoo mbili hazimzidi mzigo.

Nimesema mbili kwa makusudi. Moja haitoshi upana wako. Unakata moja karibu na nembo, nyingine mahali pengine, unaziunganisha mbavu kwa mbavu. Ukiunganisha nyuma ya nembo haionekani.

Halafu hiyo manjano. Rangi ya gari imeandikwa kwenye logibuku, kitabu cha usajili. Ukipaka manjano huku kitabu kinasema silva, kila kizuizi utakuwa na mazungumzo, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na mazungumzo marefu zaidi. Badilisha kumbukumbu kwanza, ndipo upulize.

Kijana_wa_Arua

Mzee, heshima yako. Nimeshapata boksi, la friji kubwa kabisa, na sahani nimeazima jikoni (mwenye sahani sasa anauliza "kwa nini" kwa sauti ya juu zaidi). Ni kweli, taa zikisogea ndani gari linageuka kabisa. Nimeamua: uso, rimu, basi. Milango na nyuma sigusi. Rangi itabaki silva mpaka karatasi zikae sawa. Busia, nimekusikia, naulizia shoo mbili.

Nina mawili ya mwisho. Nataka ule ukanda mwekundu kuzunguka shoo. Na ndani nataka viti vya kitambaa cha mirabamiraba na kile kirungu cha gia cha mpira wa gofu. Nimeshaongea na mshonaji wa viti.

Mzee_wa_Bodi

Ukanda mwekundu ni wa GTI, ile Golf ya kasi, iliyoanza kuuzwa 1976 na nguvu za farasi 110. Golf za kawaida za mwanzo zilikuwa na farasi 50 au 70, na kama ya mjomba ilifika Arua kwa kupanda vilima taratibu basi ilikuwa mojawapo ya hizo. Yeye hakuwa na ukanda. Mimi nisingeuweka. Lakini gari ni lako, na ukanda unabanduka, kwa hiyo hatugombani.

Mpira wa gofu sahau. Yako ni otomatiki, ule mkono una kitufe cha kubonyeza ili utoke kwenye P, na kirungu cha duara hakina mahali pa kitufe. Wapo wanaotoboa na kufunga waya. Siku waya ukikatika umeegesha mteremko wa Makerere tutakusoma humuhumu.

Viti ndivyo vya kuangalia sana. Tazama ubavu wa kiti chako cha mbele, upande wa mlango, kama kuna kibandiko kilichoandikwa AIRBAG. Kama kipo, mfuko uko ndani ya kiti na unatokea kwenye mshono wa pale. Mshonaji akifunika kwa kitambaa kigumu na uzi wa nailoni, mfuko hautatoka kwa wakati wake. Mwambie mirabamiraba aishone katikati tu, mahali pa kukalia na pa mgongo, kingo za pembeni abakishe kitambaa cha kiwanda. Hata kwenye GTI ya zamani mirabamiraba ilikuwa katikati, kwa hiyo hupotezi chochote.

Rimu_Ndeeba

Nimefuatilia kimyakimya. Rimu za chuma za inchi 15 za Golf tano ninazo nne, bolti tano 112, kutu ya juujuu tu, msasa unaitoa. Tatu zimenyooka. Moja ina mbonyeo ukingoni, inashika upepo lakini usukani unatetemeka ukizidi themanini. Makapu madogo ya kung'aa sina.

Kijana_wa_Arua

Naja kesho mchana baada ya swala. Hiyo yenye mbonyeo naichukua iwe spea, ila usiipige bei ya wenzake.